Somo la Robo Hii: Tupime Feni za Kompyuta Kabla ya Kununua Nyingine



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya matangi ya maji, majiko sanifu na vitabu vya hesabu za vikundi. Robo hii tunaleta somo juu ya kitu kidogo ambacho wengi hatukitazami mpaka kimeharibika, nacho ni feni ya kompyuta. Tunaomba msiliruke somo hili mkidhani ni la mafundi peke yao. Kila kamati yenye chumba cha kompyuta, iwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, inaweza kufanya vipimo tunavyovieleza hapa kwa boksi la karatasi, mfuko wa plastiki, maji na saa ya simu.

Kosa letu

Mwaka jana tulifanya kosa. Tunaona ni haki kulieleza, kwa sababu fedha iliyotumika ilikuwa yenu.

Katika chumba cha kompyuta cha parokia moja upande wa Bunda, kompyuta zilikuwa zikijizima zenyewe kila ifikapo saa nane mchana. Tulipozifungua tulikuta vumbi na nyuzi za pamba zimejaa ndani, na hilo si ajabu kwa eneo linalolima pamba. Tukazisafisha. Tukanunua feni mpya kwa kutazama namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti. Kisha, ili vumbi lisirudi, tukabandika sponji nene mbele ya kila feni. Tukaandika taarifa kwamba tatizo limekwisha.

Baada ya wiki tatu kompyuta zilianza tena kujizima, na safari hii hata asubuhi. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wakarudishwa nyumbani. Sisi tukalaumu umeme. Mfadhili mmoja aliposoma taarifa yetu aliuliza swali moja tu: je, mlipima? Hatukuwa tumepima. Na mama mweka hazina wa kamati alitaka kujua, kwa upole lakini mbele ya watu wote, fedha ya kamati ilikuwa imenunua nini hasa. Hatukuwa na jibu.

Somo hili limetokana na maswali hayo mawili.

1. Feni ina namba mbili, si moja

Pakiti ya feni mara nyingi huonyesha namba yenye herufi CFM. Maana yake ni futi za ujazo za hewa kwa dakika. Futi 1 ya ujazo kwa dakika ni sawa na mita za ujazo 1.7 kwa saa. Kwa hiyo feni iliyoandikwa 30 inapitisha mita za ujazo 51 hivi kwa saa.

Lakini namba hiyo hupimwa feni ikiwa wazi kabisa, bila kizuizi chochote mbele wala nyuma. Ndani ya kompyuta hali si hiyo. Kuna wavu wa bati, kuna nyaya, kuna mapezi ya chuma yanayopoza kichakato, na wakati mwingine kuna sponji iliyobandikwa na watu wenye nia njema kama sisi. Ili hewa ipite kwenye vizuizi hivyo, feni inahitaji nguvu ya kusukuma. Nguvu hiyo ni mgandamizo, neno lile lile tunalolisikia redioni katika utabiri wa hali ya hewa. Kwa feni ndogo hupimwa kwa milimita za maji, yaani feni ina uwezo wa kuinua maji kwa milimita ngapi. Milimita 1 ya maji ni karibu Paskali 9.8. Feni nyingi za kompyuta huinua milimita chache tu.

Tufikirie pampu ya kuvuta maji ziwani. Ukiweka mdomo wa bomba pale pale ufukweni, ndoo zinajaa haraka. Ukilipandisha bomba mlimani, ndoo zinapungua. Ukizidi kulipandisha, utafika mahali pampu inanguruma lakini hakuna hata tone linalotoka. Pampu ni ile ile. Feni nayo iko hivyo: wazi kabisa inatoa hewa nyingi na mgandamizo sifuri, na ikizibwa kabisa inatoa mgandamizo wake wa juu na hewa sifuri. Kazi yake ya kweli iko katikati ya ncha hizo mbili. Pakiti inatuambia ncha moja tu.

2. Vifaa

• Boksi gumu la karatasi lenye urefu wa sentimita 50, upana 50 na kimo 40. Ujazo wake ni lita 100.
• Mfuko mwepesi wa taka, mkubwa kuliko boksi. Mfuko mzito haufai, kwa maana feni hutumia nguvu kuunyanyua.
• Mpira mpya wa dripu ulio safi, chupa yenye kifuniko, maji yenye rangi kidogo na tone moja la sabuni ya vyombo.
• Ubao wa zaidi kidogo ya nusu mita, rula, na pimamaji ya fundi mwashi.
• Karatasi za manila, selotepu, na kipande cha chandarua.
• Betri ya volti 12 na kifaa cha kupima volti.

Feni tunazozizungumzia ni zile za volti 12 zinazofungwa kwenye kasha la kompyuta. Waya mwekundu huenda chanya na mweusi huenda hasi. Waya wa tatu, kama upo, unaachwa. Kabla ya kila kipimo andikeni volti za betri. Betri iliyo kwenye chaji hupita volti 13 na feni huenda mbio zaidi, kwa hiyo vipimo viwili vyenye volti tofauti havilinganishwi. Tahadhari: kisanduku cha umeme kilicho ndani ya kompyuta kisifunguliwe na mtu asiye fundi, hata kama waya umechomolewa, kwa kuwa umeme hubaki ndani yake.

3. Kipimo cha kwanza: hewa kiasi gani?

(a) Toboeni matundu madogo pembeni mwa boksi ili hewa iliyo nje ya mfuko ipate pa kutokea.
(b) Wekeni mfuko ndani ya boksi na kuukamua hewa yote. Fungeni mdomo wake kuzunguka fremu ya feni kwa selotepu, pasivuje.
(c) Washeni feni na saa kwa pamoja. Zimeni saa mfuko unapojaza pembe zote za boksi.
(d) Rudieni mara 5, kisha tafuteni wastani. Kidole kikichelewa theluthi moja ya sekunde katika kipimo cha sekunde 8, kosa ni karibu asilimia 4. Wastani hupunguza kosa hilo.

Hesabu yake ni rahisi: gawanyeni 360 kwa sekunde mlizopata, na jibu ni mita za ujazo kwa saa. Tuseme mfuko umejaa kwa sekunde 8. 360 gawanya kwa 8 ni mita za ujazo 45 kwa saa. Feni hiyo hiyo ikiwa na vumbi na mhimili mkavu, tuseme imechukua sekunde 13. 360 gawanya kwa 13 ni karibu 28. Kwa macho feni zote mbili zinazunguka vizuri tu. Saa ndiyo inayosema ukweli.

4. Kipimo cha pili: msukumo kiasi gani?

Milimita 2 za maji ni vigumu kuzisoma kwa macho katika mpira uliosimama wima. Kwa hiyo tunaulaza. Ubao ukiinuliwa sentimita 5 kwa kila sentimita 50 za urefu wake, kila milimita 1 ya kimo huonekana kama milimita 10 kwenye mpira. Fundi mwashi wa parokia atawasaidia kuweka meza sawa kwa pimamaji kabla ya kuinua ubao.

(a) Jazeni chupa maji nusu. Toboeni kifuniko matundu mawili. Mpira mmoja uishie kwenye hewa iliyo juu ya maji, na ncha yake ya pili iingie kwenye boksi. Mpira wa pili uzame ndani ya maji, utoke nje, ulale juu ya ubao ulioinama, na ncha yake ya juu ibaki wazi. Zibeni kifuniko kwa gundi.
(b) Inueni au teremsheni chupa mpaka maji yaonekane karibu na mwanzo wa ubao. Wekeni alama ya sifuri feni ikiwa imezimwa.
(c) Zibeni kwa selotepu matundu yote ya boksi mliyotoboa mwanzo. Fungeni feni upande mmoja wa boksi ili ipulize ndani. Katikati tundikeni chandarua kilichokunjwa mara mbili, ili upepo utulie usipige moja kwa moja upande wa pili. Upande wa pili kateni dirisha la sentimita 10 kwa 10, ambalo mtalifunika kwa karatasi ya manila.
(d) Kwanza fungeni dirisha kabisa. Maji yakipanda milimita 20 kwenye mpira, mgandamizo wa juu wa feni ni milimita 2.
(e) Kisha wekeni manila yenye tundu la sentimita 4 kwa 4, baadaye 4 kwa 8, mwisho 8 kwa 8. Kila mara someni maji yamepanda kiasi gani.

Uzuri wa matundu hayo ni kwamba kila moja linatupa pia kiasi cha hewa. Hewa inayotoka kwenye tundu lenye kingo nyembamba huenda kwa kasi inayotegemea mgandamizo ulio ndani ya boksi. Kwa hewa ya Musoma, tundu la 4 kwa 4 hupitisha karibu mita za ujazo 15 kwa saa mgandamizo ukiwa milimita 1. Tundu la 4 kwa 8 hupitisha 30, na la 8 kwa 8 hupitisha 60. Mgandamizo ukiwa tofauti na milimita 1, zidisheni namba hiyo kwa kipeuo cha pili cha milimita mlizosoma. Kwa mfano, milimita 0.5 katika tundu la 4 kwa 4: kipeuo cha pili cha 0.5 ni 0.71, mara 15 ni karibu 10.6.

Chukueni karatasi ya hesabu yenye miraba. Hewa iwe mstari wa chini, mgandamizo uwe mstari wa kusimama. Wekeni alama za vipimo vyote kisha ziunganisheni. Mchoro huo ndio cheti cha kweli cha feni yenu. Maabara kubwa za dunia hufanya jambo hili hili kwa kufuata viwango vya ISO 5801 na AMCA 210, wakitumia chumba cha chuma mahali pa boksi letu na nyavu mahali pa chandarua. Boksi letu linaweza kukosea kwa asilimia 10 au zaidi kidogo. Halifai kuandikia matangazo ya biashara, lakini linatosha kabisa kulinganisha feni mbili zilizo juu ya meza moja.

5. Kusoma namba zote mbili kwa pamoja

Tuchukue mfano wa feni mbili. Feni ya kwanza ikiwa wazi inatoa mita 60 kwa saa, na mgandamizo wake wa juu ni milimita 1.5. Feni ya pili inatoa mita 45 tu, lakini mgandamizo wake wa juu ni milimita 3. Kwa kutazama pakiti, wengi wetu tungenunua ya kwanza. Sisi ndivyo tulivyofanya.

Sasa tuziweke nyuma ya sponji na wavu ambavyo vinahitaji milimita 2 ili kupitisha mita 30 kwa saa. Tukichukulia mstari wa kila feni kuwa umenyooka, feni ya kwanza itatoa karibu mita 21 na ya pili karibu mita 25. Ile “kubwa” imepoteza theluthi mbili ya hewa yake. Ile “ndogo” imepoteza chini ya nusu.

Je, mita 25 zinatosha? Kompyuta inayotumia wati 100 hugeuza karibu zote kuwa joto. Ili hewa inayotoka isizidi ile inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, hapa Musoma inahitajika karibu mita za ujazo 35 kwa saa. Kwa mita 25, tofauti inafika nyuzi 14. Kwa mita 21, inakaribia nyuzi 17. Chumba kikiwa na nyuzi 30 mchana, hewa ndani ya kasha inapita nyuzi 45, na kichakato chenyewe kina joto zaidi ya hapo. Hapo ndipo kompyuta inapojizima ili isiungue. Haikuwa umeme. Ilikuwa sponji yetu.

6. Hewa ya Mara si hewa ya pwani

Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bunda na Butiama ziko juu zaidi ya ziwa. Katika vipimo vya viwandani, mita moja ya ujazo ya hewa huhesabiwa kuwa na uzito wa kilo 1.2. Musoma, kwenye nyuzi 28, ni karibu kilo 1.02. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila mita ya ujazo hubeba joto pungufu. Kompyuta ile ile inayotosheka na mita 30 hivi kwa saa Dar es Salaam inahitaji karibu 35 hapa kwetu. Mgandamizo wa feni nao hupungua kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ulioandikwa kiwandani. Yafaa wafadhili wanaotutumia vifaa kutoka ng’ambo walikumbuke jambo hili: tunahitaji feni yenye akiba.

Aidha, kila mahali pana uchafu wake. Kando ya ziwa, Musoma, kuna wadudu wadogo wanaoinuka majini kwa makundi kama moshi. Huvutwa na mwanga usiku, hufia kwenye mapezi ya kupozea na kugeuka ukoko. Bunda kuna nyuzi za pamba. Vumbi la barabara za udongo liko kote, na Butiama tulilikuta limejaa zaidi kwenye madirisha yanayotazama barabara. Msitegemee ratiba moja ya usafi kwa vituo vyote vitatu. Pimeni, kisha kila kituo kijipangie.

7. Tulichobadilisha

Kwanza, tumeondoa sponji zote zilizobandikwa kwenye feni. Mahali pake fundi seremala ametengeneza fremu ya mbao yenye kitambaa chepesi, inayofunika upande wote wa mbele wa kasha. Eneo la kitambaa likiwa mara nne, hewa hupita polepole mara nne katika kila sehemu yake, na kizuizi cha kitambaa hushuka mpaka robo au chini ya hapo. Kitambaa hufuliwa kila Jumamosi.

Pili, taa za chumba zinazimwa jioni mapema kandokando ya ziwa, na madirisha yana wavu.

Tatu, hatupulizi tena vumbi kwa mashine ya kujazia upepo matairi bila kushika mapanga ya feni. Upepo ule huyazungusha kuliko mwendo wake na kuharibu mhimili, na mara nyingi huja na maji.

Nne, inapohitajika hewa zaidi, tunauliza kwanza kilichopungua ni nini. Feni mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu huongeza hewa pale ambapo njia ni wazi. Zikifuatana moja nyuma ya nyingine huongeza msukumo pale ambapo njia ni finyu. Kukosea hapo ni kununua feni bure.

Kompyuta za parokia ile sasa zinafanya kazi mchana kutwa. Feni za zamani tulizozitoa tulizipima pia. Kadhaa kati yake zilikuwa nzima. Zilihitaji kusafishwa tu. Hilo ndilo jibu tulilompa mama mweka hazina, na halikuwa jibu la kujivunia.

8. Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaomba kila kituo kiwe na daftari lenye safu hizi: tarehe, namba ya kompyuta, volti, sekunde za mfuko, milimita za maji, na jina la aliyepima. Kipimo kifanyike feni ikiwa mpya, kisha kila miezi mitatu. Sekunde zikiongezeka kwa robo, safisheni. Zisiporudi baada ya usafi, hapo nunueni.

Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama ndiko alikozaliwa na ndiko alikozikwa, aliandika mwaka 1967 juu ya elimu ya kujitegemea. Kwetu sisi, mwanafunzi wa Butiama anayejua kupima feni kwa boksi na chupa ya maji ameanza safari hiyo. Wapeni vijana kazi hii. Wataifanya vizuri kuliko sisi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kompyuta zetu hujizima saa ngapi, na nani anaandika?
2. Kuna kitu gani mbele au nyuma ya feni ambacho tulikiweka wenyewe?
3. Ombi letu la mwisho la vifaa lilitokana na kipimo au na makisio?
4. Nani ataitunza daftari, na nani atamkagua?

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta na kwa fedha. Mkituchagulia feni, tafadhali tumeni ile ambayo karatasi yake inaonyesha hewa na mgandamizo, vyote viwili. Na kwa kompyuta mpya, fikirieni pia zile ndogo zinazotumia umeme kidogo na zisizohitaji feni. Mradi wa Powering Potential, ulioanzia Karatu, umetumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi kwa umeme wa jua katika shule za sekondari. Zaidi ya yote, endeleeni kutuuliza lile swali fupi: mlipima? Kuanzia robo hii, kila ombi la feni tutakalowaletea litaambatana na ukurasa wa daftari.